Nimeiweka krediti yangu kwenye friza

Barua yenyewe ilikuwa nyembamba tu, bahasha nyeupe ya kawaida, nikaikuta kwenye sanduku la barua Jumamosi asubuhi nimetoka shifti ya usiku macho yanajifunga yenyewe. Nikajua ni matangazo, maana huku Houston sanduku la barua ni dampo la vipeperushi, pizza, bima, sijui nani anataka kununua nyumba yako wakati wewe nyumba huna. Mkono ulishafika kwenye pipa la taka, mpaka leo sijui kwa nini niliichana. Wananishukuru kwa kufungua akaunti kwao. Jina langu yote matatu, mpaka la babu ambalo hata kazini hawalijui, alafu chini yake kikomo cha mkopo dola 3,500, salio dola 3,112. Duka la fanicha. Jamani, mimi kitanda ninacholalia nilikinunua Facebook kwa dola 80 kwa jamaa mmoja Mmeksiko aliyekuwa anahama, fanicha ya elfu tatu naiweka wapi?

Nikapiga simu. Nilisikiliza muziki wao mpaka nikaujua, nimekaa sakafuni na yunifomu ya kazini, na alipopokea dada wa huduma kwa wateja akaniuliza kwa upole sana kama nina uhakika sijasahau. Sofa la watu saba, televisheni, na mashine ya kufulia, yani mtu alikuwa anaanza maisha. Vimepelekwa kwenye jimbo ambalo mimi nalijua kwenye ramani tu. Nikamuuliza mlimkubalije, akasema taarifa zote zilikuwa sahihi, namba ya sosho sahihi, tarehe ya kuzaliwa sahihi, krediti nzuri. Hapo kwenye "krediti nzuri" ndo nikataka kulia. Miaka yote hiyo nalipa bili kabla ya tarehe, najinyima, nalea skori yangu, ile alama ya jinsi unavyolipa madeni, kama mtoto njiti, kumbe nilikuwa namtayarishia mtu sofa.

Kwa mlio nyumbani ambao haya mambo hamyajui: huku karibu kila mtu ana namba ya tarakimu tisa ya Social Security, sisi tunaiita sosho, na nyuma ya hiyo namba kuna faili la madeni yako yote, uliyolipa na uliyochelewa. Mafaili yanatunzwa na makampuni binafsi matatu makubwa, Equifax, Experian na TransUnion. Wakenya mtanielewa haraka, ndo CRB zenu hizo, na TransUnion hiyohiyo ipo Nairobi. Ukienda kuomba mkopo, gari, laini ya simu, wao wanapiga hodi kwenye faili. Likisomeka vizuri unapewa. Anayepiga hodi si lazima uwe wewe, anatosha kuwa mtu mwenye namba yako na tarehe yako ya kuzaliwa.

Sasa niseme kilichoniuma zaidi ya pesa. Baada ya ile simu mimi sikuwafikiria wadukuzi wa Urusi wala nani, nilimfikiria mtoto wa kaka yangu.

Alikuja 2021, akalala sebuleni kwangu miezi minne, kijana mpole, anaosha vyombo bila kuambiwa. Na mimi karatasi zangu zote, kadi ya sosho, pasipoti, vyeti, nilikuwa naweka kwenye kopo la biskuti, lile la bluu, chini ya kitanda, na kila aliyewahi kuingia nyumbani kwangu analijua maana nikitafuta kitu nalimwaga lote mezani. Alivyohama akawa anaendesha lori, leo yuko jimbo hili kesho lile. Akili yangu ikaunganisha, lori, jimbo lingine, fanicha, kopo. Sikumwambia kitu. Nilifanya kile ambacho sisi tunakifanya vizuri sana, nilinyamaza. Simu yake nikawa napokea ya tatu. Idi ikaja, nikapika pilau, nikaita watu, yeye sikumwita.

Na sikuwaza hivyo kwa sababu nina roho mbaya, ni kwa sababu huku kuna mambo tunayajua na hatuyasemi. Mtu kafika juzi hana karatasi za kazi, mjomba anamwazima sosho. Bili ya umeme ya mama imeshakatwa, inafunguliwa nyingine kwa jina la mtoto wa miaka sita. Tunaita kusaidiana, na mara nyingi kweli ni shida inayosukuma, alafu yule mtoto anafika miaka 18 anaenda kuomba mkopo wa chuo anakuta ana deni la umeme la toka yuko darasa la kwanza. Kwaiyo likitokea jambo kama langu, mtu unaanza kuhesabu vichwa vya ndani.

Aliyenitoa kwenye hiyo hali ya kukaa na kuwaza ni dada mmoja Mkongo wa Bukavu, tunafanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee, yeye ana miaka mingi huku. Nikamsimulia saa nane za usiku tunakunja mashuka. Hakunipa pole. Akaniuliza, "Na ulishafriza?" Nikasema kufriza nini? "Krediti. Iko bure, mama. Fanya leo, usingoje kesho, huyo mutu ataomba tena."

Na kweli aliomba tena. Nilipovuta ripoti zangu, maana siku hizi kila wiki unaruhusiwa kuvuta bure zote tatu kwenye AnnualCreditReport.com, nikakuta hodi mbili mpya, ya kampuni ya simu na ya benki nisiyoijua. Zilikuwa bado mbichi. Mtu alikuwa anaendelea na kazi yake wakati mimi namnunia mpwa wangu.

Kufriza kwenyewe ni hivi. Unaiambia kila kampuni, moja moja, funga faili langu, mtu yeyote mpya akija kupiga hodi asifunguliwe. Mkopeshaji akinyimwa faili kwa kawaida hatoi mkopo, hata kama mwombaji ana sosho, ana tarehe ya kuzaliwa, ana jina la babu. Ukifunga Equifax, Experian hawana habari, lazima uende zote tatu, na hapo ndo wengi wanakosea, wanafunga mlango wa mbele wanaacha wa uani. Skori haishuki. Kadi ulizonazo zinaendelea kufanya kazi kama kawaida, na kwa sababu hiyohiyo hazilindwi, mtu akiiba namba ya kadi yako ya zamani friza haimhusu. Kuna kitu kingine wanakiita tahadhari ya utapeli, hicho ukimwambia mmoja anawaambia wenzake, kinakaa mwaka mmoja, lakini kinamwomba tu mkopeshaji ahakikishe ni wewe. Hakifungi faili. Mimi niliweka vyote.

Ilinichukua kama dakika arobaini, na nusu ya muda huo nilikuwa nakwepa matangazo, maana kwenye tovuti zao kile kitufe cha bure kimejificha na wanakusukumia huduma yao nyingine wanayoiita loki, ina rangi nzuri, nyingine ni ya kulipia kila mwezi. Loki ni mkataba kati yako na kampuni. Friza ni haki yako kwa sheria ya nchi nzima, iliyoanza kufanya kazi tarehe 21 Septemba 2018: bure kufunga, bure kufungua, ukiomba kwa intaneti au simu wafunge ndani ya siku moja ya kazi, na ukitaka kufungua iwe ndani ya saa moja. Kabla ya hapo majimbo mengi yaliwaruhusu wakutoze dola kadhaa kwa kila kampuni, yani unamlipa mtu anayetunza siri zako ili asizigawe.

Na hiyo sheria haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 2017 Equifax wenyewe waliibiwa. Kulikuwa na tundu kwenye programu inayoitwa Apache Struts, kiraka cha kuliziba kikatoka mwezi wa tatu, wao mfumo mmoja hawakuuziba, wezi wakaingia mwezi wa tano wakakaa humo mpaka mwezi wa saba, dunia tukaambiwa tarehe 7 Septemba. Watu kama milioni 147, majina, sosho, tarehe za kuzaliwa, anwani. Karibu nusu ya nchi, na wengi wao hawakuwahi hata siku moja kuwapa Equifax chochote, ni mabenki yao ndo yaliwapelekea. Bosi wao akajiuzulu mwezi huohuo. Alafu watu walivyokimbilia kufriza, ikagundulika kuwa PIN ambayo Equifax walikuwa wanakupa kufungulia friza yako ilikuwa ni tarehe na saa uliyofriza! Hiyo kofuli ni ya nini sasa? Wakaibadilisha baada ya watu kupiga kelele. Mwaka 2020 serikali ya Marekani ikawashtaki wanajeshi wanne wa China kwa wizi huo.

Hii namba yenyewe haikuzaliwa kuwa siri. Ilianza 1936 kwa ajili ya kuhesabu michango ya pensheni tu, na kwa miaka mingi kadi ziliandikwa kabisa kwamba si za utambulisho. Kuna kisa nakipenda sana. Mwaka 1938 kampuni moja ya pochi kule Lockport, New York, ilitaka kuonyesha jinsi kadi ya sosho inavyoenea kwenye pochi zake, mkubwa mmoja akachukua namba ya kweli ya sekretari wake, Bi. Hilda Schrader Whitcher, wakaichapa kwenye kadi za mfano, wakaziweka kwenye pochi, zikauzwa maduka ya Woolworth kila mahali. Kadi ilikuwa nusu ya saizi, wino mwekundu, imeandikwa mfano katikati. Watu wakanunua pochi wakaamini hiyo ndo namba yao. Mwaka 1943 watu 5,755 walikuwa wanaitumia, na kwa jumla ya miaka yote walifika zaidi ya 40,000, na 1977 walikuwa bado wapo kumi na wawili. Bi. Hilda mwenyewe ikabidi apewe namba nyingine. Nikifikiria huyo mama naona mimi na sofa langu moja nimepata nafuu.

Mama yangu yuko Tanga, nikampigia kumweleza, nikasema mama nimeshaweka krediti kwenye friza. Kimya. "Friza gani tena, umeanza biashara ya samaki?" Nikajaribu kumweleza faili, hodi, kufunga, haiingii. Mpaka nikakumbuka mambo ya laini, ile ya kusajili kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na jinsi mdogo wangu alivyopiga *106# akakuta kuna laini mbili kwa jina lake hazijui. Nikamwambia mama, ni kama ile, ila huku anayesajili kwa jina lako anaondoka na sofa, na friza ni kama ungeweza kuwaambia mitandao yote kwa jina langu msisajili laini mpya mpaka nije mimi mwenyewe. Akaelewa palepale. "Sasa na huku kwetu hiyo friza mbona hatuna?" Sikuwa na jibu.

Kulisafisha faili kulichukua muda kuliko kulifunga. Nikatoa taarifa IdentityTheft.gov, ni tovuti ya serikali, inakuandalia ripoti rasmi, nikaenda nayo polisi, nikawatumia makampuni matatu, na wakipata ripoti kamili sheria inawapa siku nne za kazi kulizuia lile deni lisionekane kwenye faili. Deni likatoka. Lakini kitu kilichobadilisha kila kitu kwangu ni haki moja ambayo watu wengi hawaijui: ukishakuwa na ripoti yako unaweza kuliandikia duka wakupe nakala ya fomu ambayo mwizi aliijaza. Bure, na wana siku 30.

Nikaandika. Ikaja. Nikaisoma nimesimama hapohapo kwenye masanduku ya barua, jua la mwezi wa nane linanichoma utosi.

Kwenye sehemu ya anwani ya zamani mwizi aliandika apatimenti niliyokaa kabla ya hii, mtaa sahihi, jengo sahihi, namba 241. Mimi nilikaa 214. Namba 241 kulikuwa na mzee wa Kivietinamu, na nilimjua kwa sababu moja tu, kampuni moja iliyokuwa inashughulikia bima yangu ya afya iligeuza hizo tarakimu, mwaka mzima barua zangu zinaenda kwake, napiga simu warekebishe, hawarekebishi, yule mzee ananiletea bahasha zangu anacheka. Hilo kosa halikuwahi kuandikwa kwenye karatasi yoyote iliyoko kwenye kopo la biskuti. Na nilihama pale miaka miwili kabla mpwa wangu hajaikanyaga Marekani. Wiki chache baadaye hiyohiyo kampuni ikaniandikia barua ndefu ya kusikitika, kwamba huenda taarifa zangu zilikuwemo kwenye zile zilizochukuliwa. Wakanipa mwaka mmoja wa kufuatiliwa krediti bure. Asanteni.

Nilikaa na hiyo fomu mezani siku mbili. Alafu nikampigia, nikamwambia yote, mpaka la kopo, maana nilishalihamishia kazini kwenye kabati lenye kufuli na yeye alikuwa ameuliza siku moja liko wapi anataka biskuti, ule utani wake wa siku zote. Akanyamaza. Akasema, "Shangazi, nilijua kuna kitu. Pilau la Idi niliona kwenye status." Nikaomba radhi, akasema yameisha, lakini mtu akisema yameisha haraka hivo unajua bado hayajaisha.

Maisha na friza mengine ni usumbufu, nisidanganye. Mwaka jana nimeenda kuchukua gari, nimeshakubaliana bei, jamaa wa mikopo anarudi uso umembadilika, faili halifunguki. Nilisahau kabisa. Nikamuuliza unatumia kampuni ipi, akasema TransUnion, nikatoka nje paking kuna kama nyuzi mia za Fahrenheit, nikafungua kwenye simu hiyo moja tu kwa siku mbili, mbili nyingine nikaziacha zimefungwa, kabla sijamaliza soda kishaingia. Siku ya tatu ikajifunga yenyewe. Kwaiyo ukienda kuomba kitu waulize kwanza wanasoma faili la nani, usifungue nyumba nzima kwa mgeni mmoja.

Faida ambayo sikuitegemea ni hii. Kuna mama mmoja tuko naye kwenye mchezo wa kuchangiana pesa, ananiheshimu namheshimu, akaja na ombi nimfungulie laini nne kwa jina langu, simu nne mpya, watoto wake watalipa. Zamani ningeanza kujiumauma, ningesema ngoja nifikirie, alafu ningekubali kwa aibu na kulipa mimi. Nikasema, "Dada, krediti yangu imefungwa toka yalivyonikuta yale." Akasema pole sana, ndo basi, tukaendelea na chai. Hakuuliza kama inafunguka. Inafunguka ndani ya saa moja, lakini hakuuliza.

Mwanangu naye nimemfunga. Ana miaka tisa, faili hana kabisa, na hapo ndo hatari, maana sosho ya mtoto haina anayeiangalia. Chini ya miaka 16 mzazi anaweza kuomba, kampuni inatengeneza faili ili ipate cha kufunga. Hii kwa watoto inataka karatasi, nakala ya cheti cha kuzaliwa, ya kadi yake, ya kitambulisho changu, ushahidi wa anwani, bahasha tatu tofauti. Aliniuliza posta kwa nini namwandikia barua watu watatu, nikamwambia ukikua utanishukuru, akataka pipi badala yake.

Mwezi uliopita mpwa wangu akapiga, yuko Oklahoma kapaki lori anasubiri kupakiwa, anasema Shangazi na mimi nifrize, nielekeze. Tukawa kwenye simu, yeye anasoma mimi nafasiri yale maneno ya kisheria, Experian ikapita, TransUnion ikapita. Ya tatu ikamgomea, ikataka kumhoji kwanza kama ni yeye, yale maswali wanayokutolea kwenye faili lako mwenyewe. Gari lako ni la mwaka gani, akajibu. Kati ya mitaa hii minne ni upi uliwahi kuishi, au hakuna. Akaanza kunisomea, wa kwanza haujui, wa pili haujui. Akasita.

"Shangazi, huu wa tatu si kwako?"

Nikamwambia bonyeza huo.